Sonata za Scarlatti kwenye piano ya sebuleni: Somo la baba aliyechelewa kumwachia mwanawe

NI saa kumi na mbili jioni, nyumbani kwa familia moja ya Dar es Salaam. Mama yuko jikoni anakatakata vitunguu. Binti yake wa miaka 12 yuko sebuleni kwenye piano. Kipande anachofanyia mazoezi ni kifupi, kurasa mbili tu, na mtihani umebaki wiki tatu.

“Mbona muziki umekauka hivyo? Hebu kanyaga pedali,” mama anapaza sauti kutoka jikoni.

“Mwalimu kasema nisikanyage, mama.”

“Basi bonyeza kwa nguvu, usikike. Anza tena, hapo umekosea.”

Binti anaanza tena. Anakosea palepale. Anaanza mara ya tatu, mama anamkatiza kabla hajafika katikati. Mara ya nne hakuna muziki unaotoka sebuleni, ila mlio wa mfuniko wa piano ukifungwa, kisha mlango wa chumbani.

Mama huyu hana nia mbaya. Piano hiyo ya umeme ilinunuliwa kwa fedha za kikoba, ada ya mwalimu inatoka kila mwezi, na kila anayelipa hupenda kusikia matunda ya fedha yake. Tatizo ni kwamba anachokidai kutoka kwa mtoto hakimo katika muziki ule. Kipande kile ni sonata ya Domenico Scarlatti, mwanamuziki wa Italia aliyezaliwa mwaka 1685, na hakikuandikwa kwa ajili ya piano kama hii iliyopo sebuleni.

Sonata za namna hii huwafikia watoto wa Kenya na Tanzania kupitia mitihani ya madaraja, hasa ile ya bodi ya Uingereza ya ABRSM yenye ngazi ya kwanza hadi ya nane. Mtoto anayepanda madaraja hayo ni lazima siku moja akutane na muziki wa zama za Baroki, yaani muziki wa Ulaya wa kuanzia takriban mwaka 1600 hadi 1750. Mzazi akiujua kidogo, vita vya sebuleni hupungua.

Chombo kisichojua hasira

Scarlatti aliandika sonata zake nyingi kwa ajili ya hapsikodi. Kwa macho, chombo hicho kinafanana na piano: kina vibao vyeupe na vyeusi vya kubonyeza, na nyuzi zimelala ndani ya sanduku. Tofauti iko tumboni. Ndani ya piano, kibao kikibonyezwa, nyundo ndogo iliyofunikwa kitambaa kizito cha sufu huugonga uzi. Ndani ya hapsikodi, kipande kidogo cha unyoya wa ndege au ngozi huudonoa uzi.

Msomaji wa Pwani ana njia rahisi ya kulielewa hili. Ganuni ya taarabu hudonolewa kwa vipande vidogo vinavyofungwa vidoleni. Udi nao hupigwa kwa risha, neno la Kiarabu lenye maana ya unyoya. Hapsikodi ni ndugu wa mbali wa vyombo hivyo, aliyewekewa vibao ili vidole vyote kumi vidonoe nyuzi kwa pamoja.

Kwa kuwa unyoya hudonoa tu, sauti haibadiliki sana mtoto akibonyeza kwa nguvu au kwa upole. Mwenye hasira na mwenye usingizi hutoa karibu sauti ileile. Pia sauti hufifia upesi, na hakuna pedali ya kuifanya iendelee baada ya kidole kuondoka. Ndiyo maana watunzi wa wakati huo hawakutegemea ukubwa wa sauti ili kumgusa msikilizaji. Walitegemea mwendo, mapambo ya noti, mapumziko mafupi kati ya noti na noti, na wingi wa noti zinazolia pamoja.

Hapo ndipo amri ya “bonyeza kwa nguvu” inapopoteza maana. Mtoto akiigongagonga sonata hiyo, hupata kelele. Akikanyaga pedali muda wote, noti hupandana kama watu wanaosemezana wote kwa mpigo, na kila kilichoandikwa kwa uangalifu hupotea. Ule ukavu uliomkera mama jikoni ulikuwa sehemu ya kazi ya binti.

Mtoto wa mwenye jina

Lakini hadithi ya sonata hizi inawahusu wazazi kwa njia nyingine pia, nayo ni nzito kuliko habari ya pedali.

Domenico alizaliwa Napoli, mtoto wa sita kati ya kumi. Baba yake, Alessandro Scarlatti, alikuwa mmoja wa watunzi wakubwa wa opera wa enzi hiyo. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na baba alihakikisha methali hiyo inatimia. Akiwa na miaka 15 tu, Domenico aliajiriwa kuwa mpiga ogani na mtunzi katika kanisa la kifalme la Napoli, ambako baba yake alikuwa ndiye mkuu wa muziki. Kijana alikuwa chini ya baba nyumbani na chini ya baba kazini.

Baadaye baba akaamua kwamba Napoli ni pafinyu kwa kipaji cha mwanawe, akampeleka Venice. Mwaka 1705 alimwandikia barua Ferdinando de’ Medici, mtoto wa mtawala wa Florence na mpenzi mkubwa wa muziki, kumwombea kijana ulinzi. Katika barua hiyo alimfananisha Domenico na tai ambaye mabawa yake yamekwisha kukua, na kwamba haifai akae bure kiotani, wala baba hapaswi kuzuia asiruke.

Maneno mazuri, ambayo mzazi yeyote angependa kuyaandika. Lakini baba huyohuyo ndiye aliyechagua tai aruke wakati gani, aelekee wapi na atue kwa nani. Kwa miaka mingi Domenico aliandika opera na muziki wa kanisa, yaani kazi ya baba yake. Zilikuwa kazi za heshima. Lakini si hizo zinazomfanya akumbukwe leo.

Mwezi Januari mwaka 1717, Domenico akiwa na miaka 31, alipata hati ya kisheria ya kumweka huru kutoka katika mamlaka ya baba yake. Wakati huo alikuwa amekwisha kuongoza muziki katika kanisa la Mtakatifu Petro, Vatikani. Mtu mwenye cheo hicho, mwenye umri huo, bado alihitaji karatasi ya mwanasheria ili awe mtu mzima mbele ya baba yake. Yeyote aliyewahi kulea, au aliyewahi kulelewa, anaweza kulikadiria joto la nyumba ile.

Binti mfalme na mwalimu wake

Mwaka 1719 Domenico aliiacha Roma akaenda Lisbon, katika nyumba ya mfalme wa Ureno, João V. Huko miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo binti wa mfalme, Maria Barbara, aliyezaliwa mwaka 1711. Alikuwa bado mtoto mdogo. Binti huyo alipoolewa mwaka 1729 na mrithi wa ufalme wa Hispania, mwalimu alimfuata Hispania, kwanza Seville, kisha Madrid. Hakuondoka tena kwenye utumishi wake. Alifia Madrid mwaka 1757. Maria Barbara, ambaye alikuwa amekuwa malkia tangu 1746, alifariki mwaka mmoja baada yake.

Hesabu yake ni karibu miaka 40 ya mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja. Humo ndimo zilimotoka sonata zinazojulikana leo. Mwanamuziki na mtafiti wa Marekani, Ralph Kirkpatrick, aliziorodhesha mwaka 1953 na kufikia 555. Ndiyo sababu kwenye karatasi ya mtoto huandikwa herufi K na namba baada ya jina la sonata. Wakati mwingine huonekana pia herufi L, inayotokana na Alessandro Longo, aliyezichapisha mwanzoni mwa karne ya 20.

Jambo la kumtia moyo mzazi mwenye haraka ni umri wa mtunzi. Domenico alichapisha kitabu chake cha kwanza cha sonata, chenye vipande 30, mwaka 1738, akiwa amefikisha miaka 50 na kitu. Alikiita kwa Kiitaliano “Essercizi”, yaani mazoezi. Katika neno lake kwa msomaji aliomba asitafutiwe elimu nzito humo, bali mchezo wa werevu wa sanaa, na akamtakia msomaji maisha ya furaha. Vitabu 13 kati ya vile vilivyonakiliwa kwa ajili ya malkia, ambavyo leo viko Venice, vilinakiliwa kati ya 1752 na 1757, yaani miaka yake ya mwisho duniani.

Baba alikuwa amekwisha kufariki tangu 1725. Tai aliruka kweli, lakini mbali na kiota, na kuelekea upande ambao baba hakuuonyesha.

Katika sonata hizo mna Hispania aliyoishi. Mna vishindo vya gitaa, midundo ya ngoma za mitaani, na noti zilizobanana kwa makusudi hadi sikio linashtuka. Mna mahali mkono wa kushoto unaruka juu ya mkono wa kulia kwenda kugonga noti ya mbali, halafu unarudi mbio. Mtoto akikosea hapo si kwamba ni mzembe. Hapo paliwekwa pawe pagumu, na pawe pa kufurahisha.

Je, ni kosa kuzipiga kwenye piano?

Wapo wanaoshikilia kwamba muziki huu upigwe kwenye hapsikodi tu. Hoja yao ina uzito. Mpigaji wa hapsikodi Scott Ross alizirekodi sonata zote katikati ya miaka ya 1980, na anayezisikiliza huelewa mara moja kwa nini noti ziliandikwa vile.

Lakini piano nayo haikuwa ngeni kwa Scarlatti. Mtu anayetambuliwa kuwa ndiye aliyeibuni, Bartolomeo Cristofori, alikuwa fundi wa Ferdinando de’ Medici, yuleyule aliyepokea barua ya tai. Piano yake ilikuwa imekwisha kuwapo mwaka 1700. Malkia Maria Barbara alipofariki, orodha ya mali zake ilionyesha ala 12 za vibao, na tano kati yake zilikuwa piano zilizotengenezwa Florence. Mbili kati ya hizo tano zilikuwa zimebadilishwa kuwa hapsikodi, jambo linaloonyesha kwamba nyumbani kwa malkia hapsikodi bado ndiyo iliyopendwa zaidi.

Piano hizo za mwanzo zilikuwa nyepesi na zenye sauti ndogo. Piano ya leo ina vibao 88 na fremu ya chuma, na vibao vyake ni vizito zaidi kwa kidole. Kwa hiyo anayepiga Scarlatti kwenye piano ya leo anatafsiri, na tafsiri nzuri inawezekana. Vladimir Horowitz, mmoja wa wapiga piano mashuhuri wa karne iliyopita, alirekodi sonata hizi kwenye piano kubwa ya kisasa katika miaka ya 1960, na rekodi hizo bado zinasikilizwa.

Walimu wanatafuta nini

Mwalimu akimwambia mtoto apige bila pedali, au aikanyage kidogo sana mahali maalumu, anamtaka aunganishe noti kwa vidole vyake mwenyewe. Ni kazi ngumu, na inajenga mkono.

Mwalimu akisema noti zitenganishwe kidogo, anataka kila moja isikike kama neno lililotamkwa vizuri. Kidole kinainuka mapema kidogo kabla ya kingine kushuka. Kwenye hapsikodi hiyo ndiyo njia kuu ya kuitilia noti mkazo: hewa ndogo kabla yake.

Mahali penye mapambo, yaani noti mbili jirani zinazobadilishana upesi, kwa kawaida ya muziki wa enzi hiyo pambo huanzia noti ya juu. Mtoto anayeanzia ya chini asionekane mkaidi. Kuna vitabu vya zamani vinavyofundisha hivyo, na mwalimu ndiye wa kuamua.

Sonata nyingi za Scarlatti zina sehemu mbili, na kila sehemu imewekewa alama ya kurudiwa. Katika mtihani mara nyingi marudio hayahitajiki. Nyumbani yana faida, kwani mara ya pili mtoto anaweza kupiga kwa upole zaidi, kama mwangwi, na hapo piano humpa kitu ambacho hapsikodi isingeweza kumpa kwa urahisi.

Kuhusu kasi, haraka haraka haina baraka. Sonata ikipigwa taratibu na sawasawa kwa wiki mbili, kasi huja yenyewe. Ikikimbizwa siku ya kwanza, makosa huzoeleka vidoleni na kuyatoa huchukua muda mrefu kuliko kujifunza upya.

Mzazi afanye nini

Jambo la kwanza halina gharama. Piano nyingi za umeme zina kitufe cha kubadilisha sauti, na mojawapo ya sauti hizo ni hapsikodi. Mtoto apewe dakika kumi za kupiga sonata yake kwa sauti hiyo. Katika piano nyingi za namna hiyo atagundua kwamba kutumia nguvu hakumsaidii. Akirudi kwenye sauti ya piano, mkono wake utakuwa umejifunza kitu ambacho maneno ya mwalimu yalikuwa yakikihangaikia.

La pili, asikilize pamoja na mzazi sonata moja ikipigwa kwa hapsikodi na kisha kwa piano. Zipo kwa wingi kwenye simu. Swali la kumuuliza ni jepesi: ipi umeipenda, na kwa nini? Mtoto anayejibu swali hilo ameanza kuwa na sikio lake mwenyewe.

La tatu ndilo gumu. Mzazi asiwe mwalimu wa pili. Mtoto mwenye maagizo mawili yanayopingana huishia kutofuata lolote. Mzazi akiona jambo haliendi, amuulize mwalimu siku ya somo, mtoto akiwapo. Nyumbani kazi ya mzazi ni kulinda muda wa mazoezi, kuzima televisheni, na kuwazuia wadogo wasicheze na vibao wakati dada yao anahesabu.

La nne ni kuacha makosa yapite. Mtoto anayekatizwa kila akikosea hujifunza kusimama palepale, na siku ya mtihani atasimama palepale. Amalize hadi mwisho, kisha yeye mwenyewe aseme ni wapi palipoteleza.

La tano, mzazi ajiulize kimoyomoyo mtihani huu ni wa nani. Kumsukuma mtoto kidogo ni sehemu ya malezi. Samaki hukunjwa angali mbichi, na kama Alessandro asingemfundisha mwanawe, dunia isingezipata sonata hata moja. Lakini kuna siku mkono unaokunja unapaswa kulegea, na siku hiyo haitangazwi. Huonekana kwa dalili ndogo, kama mfuniko wa piano unaofungwa kabla ya wakati.

Jioni ileile, baada ya chakula, mama wa Dar es Salaam aligonga mlango wa chumbani. Hakuzungumzia ada wala mtihani. Alimwomba binti amwonyeshe kwa nini mwalimu amekataza pedali.

Binti alitoka, akakaa, akapiga mistari minne ya kwanza akiwa amekanyaga pedali hadi chini. Kisha akaipiga tena bila pedali, kila noti ikisimama peke yake.

“Umesikia, mama?”

Mama alikiri kwamba amesikia. Akavuta kiti, akakaa nyuma kidogo, mahali ambapo asingeviona vidole. Binti akaendelea hadi mwisho wa ukurasa wa pili. Alikosea mara mbili, na mara zote mbili hakuna aliyesema neno.

Scarlatti mwenyewe alipata watoto tisa katika ndoa zake mbili. Hakuna aliyefuata kazi ya muziki.